Kitabu kwa Mfululizo, Mada, au Masomo ya Kalenda: Njia Tatu za Kuhubiri na Makosa Yanayoambatana na Kila Moja

Shetani alipomjaribu Yesu juu ya kinara cha hekalu, alinukuu Zaburi ya 91. Maneno aliyoyatamka yamo kweli katika zaburi hiyo, lakini aliyaacha nje maneno "katika njia zako zote", na ahadi iliyotolewa kwa mtu anayemtegemea Mungu akaigeuza kuwa sababu ya kumjaribu Mungu. Yesu hakuikana zaburi. Aliiweka karibu na andiko jingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, linalokataza kumjaribu Mungu, na hapo matumizi mabaya ya Shetani yakawa wazi. Kisa hicho kinaonyesha kwamba mtu anaweza kutamka maneno halisi ya Biblia na bado akawapotosha wanaomsikiliza, na hatari hiyo humkabili kila apandaye mimbarani, hata mwenye nia njema kabisa.

Wahubiri wengi wanaotambua hatari hiyo hujiuliza ni njia gani ya kuhubiri itakayowalinda. Wengine hushauriwa wahubiri kitabu kizima cha Biblia, fungu baada ya fungu. Wengine hupendelea kuchagua mada inayowagusa waumini. Wengine wamo katika makanisa yenye kalenda ya masomo, yaani orodha ya maandiko yaliyopangwa kusomwa kila Jumapili, nao hujiuliza kama kalenda hiyo ni msaada au ni kifungo. Makala hii inazilinganisha njia hizo tatu kwa kuzingatia swali moja hasa, yaani kila njia inazuia makosa gani katika kulitumia Neno, na inayafungulia mlango makosa gani.

Vigezo vya ulinganisho

Nitazipima njia zote tatu kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni nani anayechagua andiko, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo kabla mhubiri hajafungua kinywa. Cha pili ni jinsi muktadha unavyolindwa, na hiki nitakipa nafasi kubwa kuliko vingine kwa kuwa ndicho kinachovunjwa mara nyingi zaidi. Cha tatu ni upana wa Maandiko yanayowafikia waumini baada ya miaka kadhaa. Cha nne ni uwezo wa njia hiyo kusema na jambo lililo mbele ya watu kwa wakati huo. Cha tano ni kazi ya maandalizi, ambayo haizungumzwi sana ingawa ndiyo inayoamua kama njia itafuatwa vizuri au kwa jina tu.

Njia zenyewe

Kuhubiri kitabu kwa mfululizo ni desturi ya zamani. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, ameacha homilia (mahubiri ya kufafanua andiko) 90 juu ya Injili ya Mathayo peke yake. Tarehe 1 Januari 1519, Ulrich Zwingli, mwanamageuzi wa kanisa huko Uswisi, aliuacha mpangilio wa masomo uliokuwa ukifuatwa Zürich, akaanza kuhubiri Mathayo tangu mwanzo wake. John Calvin, mwanamageuzi mwingine, alifukuzwa Geneva mwaka 1538, na aliporudi mwaka 1541 aliendelea na andiko lililofuata pale alipokuwa ameishia.

Mahubiri ya mada huanza na jambo, kwa mfano msamaha, ndoa, mateso au Utatu Mtakatifu, kisha hukusanya maandiko yanayolihusu. Wapo wanaoidharau njia hii kana kwamba ni ya wahubiri wavivu, lakini Petro siku ya Pentekoste alifanya jambo linalofanana nayo: katika Matendo 2 aliunganisha Yoeli 2, Zaburi ya 16 na Zaburi ya 110 ili kuthibitisha dai moja, kwamba Yesu aliyesulubiwa amefufuliwa na kufanywa Bwana na Kristo.

Njia ya tatu ni kufuata masomo yaliyopangwa na kanisa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki) kuhusu liturujia, yaani utaratibu wa ibada, ya mwaka 1963, iliagiza kwamba hazina za Biblia zifunguliwe kwa upana zaidi kwa waamini, na mwaka 1969 ukatolewa mpangilio wa masomo ya Jumapili unaozunguka kwa miaka mitatu: mwaka A hutegemea zaidi Mathayo, mwaka B Marko, na mwaka C Luka, huku Yohana akisikika hasa katika majira ya Pasaka na kwa majuma kadhaa ya mwaka B. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hutumia mpangilio wa pamoja uliotolewa mwaka 1992, ambao ulijengwa juu ya msingi huo. Kabla ya hapo Martin Luther pia, tofauti na Zwingli, aliendelea kuhubiri Jumapili kwa kufuata masomo ya zamani ya kanisa.

Nani anachagua andiko

Katika mahubiri ya mada, mhubiri ndiye anayechagua, na uhuru huo ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake. Anaweza kuwaendea waumini pale walipo. Lakini pia ni rahisi mno kwake kuandika hoja kwanza, kisha kutafuta mistari ya kuitia nguvu. Siku hizi programu ya Biblia kwenye simu humletea mtu mistari yote yenye neno "ushindi" kwa dakika moja, kila mmoja ukiwa umeng'olewa mahali pake, na mistari hiyo ikipangwa vizuri inasikika kama mafundisho ya Biblia nzima. Kosa hili lina dalili inayoonekana kwa urahisi: ukiiondoa mistari yote iliyonukuliwa, hotuba inabaki ileile, kwa maana haikuchota kitu chochote kutoka katika mistari hiyo.

Anayehubiri kitabu kwa mfululizo amejifunga kwa andiko lijalo, apende asipende. Akiwa katika Marko, atafika sura ya 10 na kulazimika kusema juu ya talaka, na hakuna atakayeweza kudai kwamba ameichagua siku hiyo ili kumsema fulani. Hata hivyo uhuru wake haujaisha, kwa sababu yeye ndiye anayekichagua kitabu. Mhubiri anayependa mabishano ya mafundisho anaweza kuishi miaka mingi ndani ya Warumi na Wagalatia bila waumini wake kumsikia Amosi hata mara moja akiwakemea wanaowakanyaga maskini. Wapo pia wanaoutumia mfululizo kwa jina tu: wanasoma fungu la siku, wanataja neno moja lililomo, kisha wanarudi kwenye mambo waliyoyasema Jumapili iliyopita na ile iliyoitangulia.

Kalenda ya masomo huuondoa uchaguzi mikononi mwa mtu mmoja na kuuweka mikononi mwa kanisa. Ni ulinzi mkubwa, hasa pale ambapo mhubiri ana hasira au ana jambo binafsi. Lakini Jumapili huwa kuna somo la kwanza, zaburi, somo la pili na injili, kwa hiyo mhubiri bado anachagua miongoni mwa hayo, na wengi huchagua injili kila mara. Matokeo yake Agano la Kale husomwa kwa sauti mwaka mzima bila kufafanuliwa, na waumini hubaki na masomo wasiyoyaelewa, ambayo hakuna aliyewahi kuwafungulia.

Muktadha unalindwaje

Biblia haikuandikwa ikiwa na sura na mistari. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na Robert Estienne katika chapa yake ya mwaka 1551. Alama hizo hutusaidia kupata mahali, lakini zimetuzoesha kuuona kila mstari kana kwamba ni kauli inayojitosheleza, na mazoea hayo yameharibu mahubiri mengi.

Mahubiri ya mada ndiyo yanayoathiriwa zaidi. Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", hutumiwa mara nyingi kama ahadi ya mafanikio yaliyo karibu. Ukisoma sura ya 28 na ya 29 pamoja, jambo jingine kabisa linatokea. Nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kwamba mateka na vyombo vya hekalu vingerudi kutoka Babeli katika miaka miwili. Yeremia aliwaandikia mateka barua ya kuwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na wautakie amani mji waliopelekwa, kwa sababu kurudi kungekuwa baada ya miaka 70. Watu wazima wengi walioisikia barua hiyo hawangeishi kuyaona marejeo. Mhubiri anayeutumia mstari wa 11 kuahidi kwamba shida itaisha upesi amechukua maneno ya Yeremia na kuyatia maana ya Hanania, ambaye Yeremia alimwambia kwamba anawategemeza watu kwa uongo. Tumaini la kweli la barua ile ni zito kuliko hilo: Mungu hajawaacha watu wake hata kama wao wenyewe hawatauona mwisho wa taabu yao. Msikilizaji mgonjwa, au aliyefiwa, anahitaji tumaini la namna hii, na anaibiwa anapopewa lile jepesi.

Vivyo hivyo "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" katika Wafilipi 4:13 yanafuata maneno ya Paulo kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anasema juu ya uwezo wa kuvumilia hali yoyote, ilhali mara nyingi tunausikia mstari huo ukihubiriwa kama uwezo wa kupata lolote. Na "Mjue sana Mungu, ili uwe na amani", maneno ya Ayubu 22:21 yanayopendwa sana, ni ya Elifazi, mmoja wa marafiki ambao mwishoni mwa kitabu, katika 42:7, Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake. Sisemi kwamba kila neno la Elifazi ni la kutupwa. Lakini mhubiri anayelitamka kama agizo la moja kwa moja la Mungu, bila kusema lilitoka kinywani mwa nani na kwa nia gani, hajawatendea haki wasikilizaji wake, na Ayubu aliyekuwa akisingiziwa dhambi hajamtendea haki pia.

Je, mfululizo unatuokoa na haya? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mtu aliyehubiri Yeremia 28 Jumapili iliyopita hawezi kirahisi kuihubiri sura ya 29 kana kwamba Hanania hakuwapo. Hata hivyo mfululizo una namna yake ya kupoteza muktadha, nayo ni kukatakata. Waefeso 1:3 hadi 14 ni sentensi moja ndefu katika Kigiriki, wimbo mmoja wa sifa unaosonga mbele bila kupumua. Mhubiri anayechukua kila juma neno moja katika sentensi hiyo anaweza kusema mambo mengi ya kweli, lakini baada ya miezi mitatu hakuna msikilizaji anayekumbuka Paulo alikuwa anasifu nini. Hali ni ngumu zaidi katika kitabu cha Ayubu, ambapo hotuba za marafiki zinachukua sura nyingi: anayezihubiri moja moja, bila kuwakumbusha waumini hukumu ya mwisho wa kitabu, atajikuta anafundisha kwa majuma kadhaa yale ambayo kitabu chenyewe kinayakataa.

Kalenda ya masomo inalinda muktadha mahali fulani na kuukata mahali pengine. Mfano mzuri ni mjane aliyetoa senti mbili, Marko 12:41 hadi 44, andiko linalotumiwa sana katika mahubiri ya matoleo. Katika mistari mitatu inayolitangulia, Yesu anawalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane, na mara baada yake anatabiri kwamba hekalu halitaachwa jiwe juu ya jiwe. Msikilizaji aliyeyasikia yote matatu hawezi kuliona tendo la mjane kama mfano wa ukarimu tu. Anajiuliza pia ni dini ya namna gani iliyomwachia mama huyo asibaki na chochote. Mpangilio wa Jumapili katika mwaka B unaanzia mstari wa 38, kwa hiyo lawama juu ya waandishi inasikika. Lakini katika Kanisa Katoliki mpangilio huohuo unaruhusu somo fupi la mistari ya 41 hadi 44 peke yake, na anayelichagua kwa ajili ya kuokoa muda ameukata mzizi wa habari yenyewe.

Mfano wa pili ni Alhamisi Kuu. Somo la pili ni 1 Wakorintho 11:23 hadi 26, maneno ya kuweka Meza ya Bwana. Paulo aliyaandika kwa sababu katika kanisa la Korintho wengine walikula na kulewa huku wasio na kitu wakikaa na njaa, kama inavyoonekana katika mistari ya 17 hadi 22, na mara baada yake anaonya juu ya kula isivyostahili. Mambo hayo hayasomwi siku hiyo. Mhubiri anayetegemea kipande kilichokatwa atazungumza juu ya Ekaristi kana kwamba haihusiani na njaa ya jirani, jambo ambalo Paulo alikuwa analipinga kwa nguvu zote. Dawa ni rahisi na haivunji sheria yoyote ya liturujia: soma mezani kwako sura nzima, na uyataje mimbarani yale yaliyoachwa.

Upana wa Maandiko

Katika vitabu 66 vya Biblia ya Kiprotestanti kuna sura 1,189. Anayehubiri sura moja kila Jumapili bila kukosa atahitaji karibu miaka 23, na wahubiri wa mfululizo kwa kawaida huenda polepole zaidi ya hapo. Martyn Lloyd-Jones alihubiri Warumi siku za Ijumaa huko London kuanzia mwaka 1955 hadi 1968, akaishia sura ya 14. Kina cha kazi kama hiyo ni kikubwa, lakini si kila kanisa linaweza kukaa miaka kumi na zaidi katika barua moja, na wala halipaswi. Mfululizo hutoa kina na kupunguza upana, isipokuwa mhubiri awe na nidhamu ya kubadilisha aina za vitabu na kuchukua mafungu makubwa anapohubiri historia.

Kalenda ndiyo yenye upana wa haraka, kwa kuwa katika miaka mitatu waumini husikia sehemu kubwa ya injili nne pamoja na vipande vya vitabu vingi vingine. Lakini ni vipande. Tena yapo yaliyowekwa kando kwa makusudi: katika Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi za kila siku za Kanisa Katoliki, iliyotengenezwa upya baada ya Mtaguso, Zaburi za 58, 83 na 109, zenye laana kali, ziliondolewa. Ninaelewa sababu yake, ila mtu aliyeumizwa sana huenda hatajua kamwe kwamba Biblia ina sala inayobeba hasira yake mbele za Mungu.

Mahubiri ya mada, yasipopangwa mapema, ndiyo yenye upana mdogo kuliko yote. Kila mhubiri ana maandiko yake ishirini au thelathini anayoyapenda, na bila kizuizi chochote atayarudia mpaka astaafu.

Jambo lililo mbele ya waumini

Hapa mahubiri ya mada yanazizidi njia nyingine mbili. Msiba mkubwa unapoipata jumuiya, au mafundisho fulani yanapoleta mkanganyiko, si busara kuendelea na orodha ya nasaba kwa sababu tu ndiyo iliyofuata. Pia yapo mafundisho ambayo hayapatikani kamili katika fungu moja, kama Utatu, na anayetaka kuyaeleza hana budi kukusanya.

Mfululizo na kalenda vina sifa nyingine katika jambo hili: hutupatia maneno ambayo hatukujua kwamba tunayahitaji. Si mara chache andiko lililopangwa miezi iliyopita huangukia siku inayolihitaji. Lakini mhubiri asiifanye hali hiyo kuwa sheria, akalilazimisha somo la siku liseme juu ya habari za juma hilo hata kama halisemi. Kalenda ina mtego wake hapa. Katika Jumapili za kawaida za mwaka, somo la kwanza huchaguliwa lilingane na injili, lakini somo la pili hufuata barua yake kwa mfululizo wake lenyewe. Padre au mchungaji anayejitahidi kuyaunganisha masomo yote matatu kwa wazo moja hutafuta kitu ambacho waliopanga masomo hawakukiweka, na wazo hilo huishia kuwa pana kiasi cha kutosema kitu.

Kazi ya maandalizi

Mfululizo hudai kazi kubwa mwanzoni: kukisoma kitabu kizima mara kadhaa, kujua kiliandikwa kwa nani na kwa nini. Baada ya hapo kila juma huwa jepesi kidogo, kwani msingi umeshawekwa na hakuna siku za kuhangaika na swali la "nihubiri nini". Kalenda nayo huondoa mahangaiko hayo, na kwa kuwa makanisa mengi husoma masomo yaleyale, wahubiri wanaweza kukutana na kuandaa pamoja. Ubaya wake ni kwamba miaka mitatu ikizunguka, homilia ya zamani iko tayari kabatini.

Mahubiri ya mada huonekana kuwa rahisi kuliko yote, na ukweli ni kinyume chake. Anayenukuu maandiko sita ana miktadha sita ya kuchunguza kabla ya kuyatamka. Wachache hufanya hivyo, na ndiyo sababu njia hii imepata sifa mbaya kuliko inavyostahili.

Makosa yasiyozuiwa na njia yoyote

Ningeupotosha ulinganisho huu kama ningeuacha msomaji adhani kwamba kubadili njia kunatosha. Daudi na Goliathi huharibiwa na wahubiri wa njia zote tatu, pale mawe matano ya 1 Samweli 17:40 yanapopewa majina ya fadhila tano na kila msikilizaji anapoambiwa kwamba yeye ndiye Daudi. Daudi mwenyewe, katika mistari ya 46 na 47, anaeleza maana ya siku ile: watu wajue kwamba Mungu yuko katika Israeli, na kwamba vita ni vya Bwana. Hata walimu wakubwa wameteleza kwa namna hii. Agostino, katika kuufafanua mfano wa Msamaria mwema, alisema mwenye nyumba ya wageni ni mtume Paulo, ingawa mfano wenyewe ulitolewa kumjibu mtu aliyeuliza jirani yake ni nani.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni kulitumia Neno kumkinga mhubiri. "Msiwaguse masihi wangu" katika Zaburi 105:15 husemwa kuwanyamazisha waumini wanaouliza juu ya mafundisho au fedha. Zaburi yenyewe inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na nguvu, wakihama kutoka taifa hadi taifa, na wanaoonywa ni wafalme. Maneno yaliyowalinda wanyonge dhidi ya wakuu yamegeuzwa kuwalinda wakuu dhidi ya wanyonge. Na katika Matendo 17:11 watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, naye Paulo alikuwa mtume.

Inamfaa nani

Mfululizo unamfaa mhubiri anayekaa na kundi lilelile kwa muda mrefu, mwenye nafasi ya kusoma, na hasa yule anayejijua kuwa ana mambo machache anayoyapenda na huyarudia. Haumfai sana anayehudumia vituo vingi na kufika kila kimoja mara moja kwa mwezi, kwa sababu uzi unakatika.

Kalenda inawafaa makanisa yenye wahubiri wengi wanaopokezana, na mahali ambapo waumini huhama au kusafiri, kwani wanayakuta masomo yaleyale waendako. Inamfaa pia mhubiri mwenye mwelekeo wa kuutumia mkutano kutatua magomvi yake. Haitamsaidia anayeridhika na vipande bila kufungua kitabu kizima.

Mada zinamfaa mwalimu wa waumini wapya, mhubiri mgeni wa siku moja, na yeyote anayehutubia watu wasioijua Biblia. Zinamfaa zaidi mtu ambaye tayari amezoea kusoma vitabu kwa ukamilifu, na hilo ndilo linalosahaulika: njia inayowavutia wanaoanza ndiyo inayohitaji ukomavu mkubwa kuliko zote.

Uchague kwa hali uliyo nayo

Ikiwa ndiyo kwanza umeanza kuhubiri, na kanisa lako halina kalenda, anza na kitabu kifupi cha sura nne au tano, kama Yona, Ruthu au Wafilipi, ukimalize kwa majuma sita hivi, kisha uhame kwenda aina nyingine ya kitabu. Utajifunza kulifuata andiko kabla hujazoea kuliongoza.

Ikiwa umehubiri mada kwa miaka mingi na huwezi kuacha kwa sababu waumini wameizoea njia hiyo, baki nayo, lakini kwa kila mada chagua fungu moja kuu la mistari kumi au zaidi, ulifafanue kwanza kwa masharti yake lenyewe, na maandiko mengine yaje kulisaidia. Orodhesha maandiko uliyoyatumia mwaka uliopita. Vitabu ambavyo havimo ndivyo utakavyoanza navyo.

Ikiwa unafuata kalenda, tenga kipindi kimoja cha mwaka, labda Majilio au majuma kadhaa baada ya Pentekoste, ambapo utahubiri somo la kwanza au la pili badala ya injili. Kila juma angalia mistari iliyoachwa kabla na baada ya somo, na inapokuwapo fomu ndefu na fupi, usichague fupi kabla ya kujua inaacha nini.

Ikiwa umekuwa katika kitabu kimoja zaidi ya mwaka na waumini hawawezi tena kueleza kwa sentensi mbili kitabu kinahusu nini, ongeza ukubwa wa mafungu, au simama kwa majuma machache uhubiri jambo jingine, kisha urudi kwa muhtasari.

Ikiwa jumuiya yako imepatwa na msiba wa ghafla, weka kando mpango wowote ulio nao kama kanisa lako linakuruhusu, na kama halikuruhusu, tafuta zaburi ya siku hiyo uihubiri. Chagua andiko moja tu, na usiahidi kile ambacho andiko hilo haliahidi.

Na ikiwa wewe si mhubiri bali msikilizaji, huna uwezo wa kuchagua njia, lakini unaweza kulifungua andiko ukiwa nyumbani siku hiyohiyo na kusoma sura iliyotangulia na ile inayofuata. Ukikuta kwamba yaliyosemwa hayapatani na yaliyoandikwa, mwendee mhubiri faraghani, ukiwa na andiko mkononi, umuulize alivyofikia maana hiyo.